Kamba ya Kiatu

Anselme Dhaussy hakuwahi kumwambia mtu, "Tabasamu."
Tabasamu la kuombwa, alisema, ni deni,
naye alikuwa na madeni ya kutosha kwa muuza mikate.

Miaka kumi na tisa nilimsafishia filamu
katika chumba cha giza nyuma ya duka la dawa,
pale Liévin, karibu na reli ya makaa.
Aliniletea zimefungwa ndani ya soksi.
"Bi Ghislaine." Basi, hivyo tu,
na mvua ikimdondoka ukingoni mwa kofia
ikilowesha kaunta yangu.

Watu wa mji huu niliwajua kinyume kwanza:
katika negativu theluji ni nyeusi tititi,
na wachimba makaa watokao shimoni
nyuso zao nyeupe pe, kama waliopakwa unga.
Kisha, beseni likitikiswa chini ya taa nyekundu,
mmoja mmoja hurudi kwenye masizi yake.
Niliona haya,
kana kwamba mimi ndiye niliyewachafua.

Yule mama mwenye mkate kwapani,
mbwa akiukata vipande kwa macho.
Vijana wawili wa Kipolandi wamebeba kioo cha dirisha,
na ndani ya kioo kanisa limelala ubavu.

Siku binti yake alipoolewa, manyunyu yalianza.
Akatoka mara moja tu, kutazama miavuli.
Aliporudi, keki ilikwisha.
Picha ile ya miavuli ninayo. Ni nzuri, nzuri mno.
Binti hajawahi kuiomba.

Alikufa Februari, kwenye ngazi za soko,
kamera kifuani, ukanda wake uliokatika
umeungwa kwa kamba ya kiatu.
Filamu ya mwisho aliileta muuguzi,
ndani ya bahasha. Hakujua habari za soksi.

Picha thelathini na tano: mtaa, kama kawaida.
Ya thelathini na sita, kidole kiliteleza.
Mawe ya barabara. Kifuniko cha mtaro.
Na kiatu kimoja cha mwanamume,
mdomo wazi, hakina kamba.

Nilisahau kuitoa kwenye dawa.
Ikakolea, ikakolea, ikawa giza tupu,
ikanibidi nichape nyingine.
Ndiyo hii, kwenye kibanio cha nguo.
Ingali inadondosha.