Fomu ya Arobaini na Moja

Mimi si mwanahisabati. Mimi ni Lamara wa dawati la mbele,
mwenye funguo, mhuri na birika la chai,
mwaka wa ishirini na tatu huu katika Idara ya Sayansi na Hisabati,
ghorofa ya pili, Kutaisi, mvua ikinong'ona kwenye mabomba.

Kila Juni naletewa fomu nizijumlishe.
*Umeridhika kwa kiasi gani? Zungushia moja hadi tano.*
Na mwalimu. Na maabara. Na maktaba.
Na viti, ambavyo viwili vina miguu mitatu.

Nimezoea kuyasoma maduara yao.
Lisilofunga: huyu alikuwa na basi la kuwahi.
Tano, tano, tano mpaka chini: huyu hakusoma swali hata moja.
Mzevinar wa kemia hutoa tatu kwa kila kitu,
hata kwa ile chemba ya kuvuta moshi
iliyokufa mwaka juzi, ikabaki kuvuta kelele;
alifundwa kwao asilalamike nyumba ya watu.
Na yupo atoaye nne, akafuta, akaweka tatu, akarudisha nne,
mpaka karatasi ikatoboka
hapo hapo, kati ya kuridhika na kukinai.

Dekani anataka tatu nukta tano.
Ikipungua, wa Tbilisi watamuuliza yeye, naye ataniuliza mimi.
Nilikwisha kujumlisha arobaini: mia na thelathini na sita.
Tatu nukta nne. Nikasema, potelea mbali, si haba.

Ndipo akaingia Bondo, yule wa Chiatura kwenye migodi,
akaaye mstari wa mbele na uso wa mtu anayetafuna ndimu.
Akaiweka fomu imelowa pembeni. Hakuaga.

Moja. Kila mahali moja.
Na penye maoni, ambapo wenzake huandika "asante" au "intaneti":
*Uthibitisho wa Jumanne una pengo, mstari wa nne.
Mwalimu alisema ni wazi.
Si wazi. Sijalala.*

Droo yangu ina kufuli. Nani angejua?
Niliinywa chai yote nikiitazama ile droo.
Kisha nikajumlisha. Tatu nukta tatu nne.

Fomu ni siri, najua, mhuri wa siri ninao mimi.
Lakini niliifunika kwa kiganja, nikabakiza maneno yale tu,
nikampelekea Mwalimu Shavadze, aliyekuwa akimenya yai.
Akasoma. Akarudia.
Akasema, "Hm."
Yai likabaki nusu uchi juu ya gazeti.

Saa mbili usiku nilipozunguka kufunga madirisha
ubao wa chumba cha kumi na nne ulikuwa umejaa chaki hadi kwenye fremu,
na mbele yake migongo miwili,
mmoja mpana, mmoja wa kijana asiyekula vizuri.
"Bado," alisema kijana.
"Bado," akakubali mwalimu, akafuta kwa kiwiko cha koti.

Sikuona hapo aliyeridhika.
Wala sikuona aliyetaka kwenda kwao.

Nikawaachia funguo mlangoni, na birika.
Kesho nitapanda kwa dekani na nukta zangu,
atanuna, nami nitasimama pale nimeshika pochi,
nikitafuta ni swali namba ngapi
ambalo jibu lake lilikuwa lile koti
jeupe kwenye kiwiko.