Beseni la Darasa la Nne

Nilileta beseni la nyumbani, lile la kufulia,
lenye ufa uliozibwa kwa plastiki ya kuyeyusha.
Maji tuliyachota ziwani alfajiri,
injini za boti hazijaanza kukohoa.
Cibalonza akaja na manyoya matatu ya bata wa bibi yake
(bata mwenyewe, alisema, hakuridhia).
Oili aliileta Birindwa, nusu chupa ya bia,
nyeusi kama masizi ya chungu.
Sikumuuliza ameitoa wapi.
Baba yake ni fundi wa injini, bandarini.

"Chovyeni unyoya mmoja kwanza."
Tone likasimama juu yake, likateleza,
kama juu ya jani la magimbi.
"Hilo ndilo koti la ndege. Joto lake lote liko chini yake."
Kisha kijiko cha oili.
Kimoja tu.

Haikuwa na haraka, ila haikubakisha pembe.
Ikatoa kijani, zambarau, dhahabu,
watoto wakainama, "Looo!"
nami nikaona haya kwamba inapendeza.

Unyoya wa pili ukatoka umeshikamana
kama umenaswa na ulimbo.
Mnandi akizamia humu, niliwaambia,
haruki tena, baridi inamwingia,
na hana kitambaa ila mdomo wake:
anajisafisha, anameza.
Fisi-maji naye hujilamba.
Na sambaza, wanaopanda juu usiku kutafuta chakula,
watakuta dari.

"Mwalimu, sabuni!"
Tukasugua. Weusi ukatoka, na koti likatoka nao.
Unyoya ukalowa kama karatasi.

Birindwa alikuwa akitazama vidole vyake.
"Bahari ni kubwa, Mwalimu. Inaipeleka mbali."
"Mbali ni kwa nani?" nikasema,
nikajuta papo hapo,
kwa kuwa sauti ile haikuwa yake, ilikuwa ya mtu mzima
aliyekwisha kuulizwa nyumbani.

Kengele. Wakakimbilia maandazi.
Akabaki yeye, ameshika ukingo wa beseni.
"Haya tuyamwage wapi?"

Nikatazama mlangoni.
Mtaro unaanzia pale, unapita nyuma ya choo,
kwa maseremala, chini ya daraja la mbao,
na kote Kadutu haujui njia nyingine ila kushuka.
Bukavu nzima ni mteremko.
Kila kinachomwagwa kina anwani moja.

Wiki mbili sasa beseni liko nyuma ya kabati,
limefunikwa kwa kipande cha ubao.
Mkurugenzi ameuliza harufu hiyo ni ya nini.
Jana Birindwa aliingia na dumu tupu la lita tano,
limeoshwa, kizibo chake kimefungwa kwa uzi.
"Baba anasema tuyatie humu kwanza,
halafu ndipo tufikiri."

Tukayatia, yeye ameshika mrija, mimi namimina.
Halikumwagika hata tone.
Bado tunafikiri.
Nguo nafulia ndoo.