Mkanda Namba Sita

Dolores Wachowski alinifundisha kusoma begi kwa mgongo:
hili lina vitabu, hili lina harusi,
hili mwenyewe hana nia ya kurudi.
Miaka ishirini na saba, St. Louis, zamu ya usiku,
tangu enzi ndege zikifuatana hapa kama siafu
na abiria wa Denver na wa Boston
wakikanyagana viatu, wakiulizana mlango.

Kisha shirika likauzwa.
Wenyewe wapya wakahamisha ndege moja moja,
kama mpangaji anayetoroka na vyombo
kabla mwenye nyumba hajaamka.

Januari ile mtambo ukakata roho.
Mabegi elfu mbili yakalala sakafuni,
theluji ikiyeyukia kwenye zipu.
Mzee mmoja alikuja siku tatu mfululizo
kuulizia suti ya kumzikia mkewe.
Siku ya nne hakuja.
Suti ilifika siku ya tano.

Meneja akabandika tangazo: tuwe na subira.
Subira tulikuwa nayo.
Hatukuwa na mota.

Jana wamezima taa za upande wa C.
Dolores akaweka kopo lake la chakula
juu ya mkanda namba sita, akabonyeza kitufe.
Mkanda ukakohoa, ukajikokota,
kopo likapenya mapazia ya mpira,
likatokomea.

Tukasimama, mikono mifukoni,
kama abiria.

“Mle mna yai,” akasema baada ya muda.
“La kuchemsha. Na chumvi yake.”