Megabaiti Arubaini

Oulu, Januari. Saa tisa alasiri
na jua limeshafunga ofisi.
Riitta-Liisa Hyvärinen, aliyepima simu kiwandani
miaka kumi na tisa, hadi kiwanda kikahamishwa,
ameweka mezani daftari, penseli, kahawa ya tatu.
Anataka kutunga mchezo. Mmoja tu.
Mpwa wake Eetu ana maoni.

"Chukua C++," anasema, "inakwenda kama mshale."
Ndiyo, na ukisahau nuktamkato moja
inakununia usiku kucha.
"Basi Kotlin." Nzuri, imenyooka, haina maneno mengi,
ila kufika kwenye simu zenye tufaha
utavuka kwa taabu.
"C#, na injini iliyokwisha kuundwa!
Mvutano, mwanga, vivuli, vyote vimo, wewe unapanga tu."
Riitta-Liisa anaipakua. Anangoja.
Anafuma kisigino kizima cha soksi.
Mchezo mtupu, mraba mmoja mwekundu unaoanguka,
umekuja na uzito wa megabaiti mia na ishirini.

Anatoa simu mkobani, anailaza juu ya daftari.
Kioo kina ufa kutoka kona hadi kona.
Ni ya mama yake, Aune, miaka tisini na moja,
chumba namba saba, nyumba ya wazee ya Tuira.
Nafasi iliyobaki: megabaiti arubaini.
Kwingine kote kumejaa picha za mbwa aliyekwisha kufa
na Aune hataki hata moja ifutwe.

Mchagua jembe si mkulima, hunena wanenao.
Sawa. Lakini nani aliwahi kulima
bila kuuchota udongo kwanza, akaufinya kiganjani?

Eetu kanyamaza.
Kisha, kwa sauti ndogo: "Lua.
Ni kijilugha tu. Kinaingia popote, kama paka."

Wiki sita. Hakuna vivuli. Hakuna mvutano.
Kinamasi, beri za rangi ya machungwa, ndoo.
Kila beri ni pana kama ukucha wa dole gumba,
kisha pana mara mbili,
maana dole la Aune hutetemeka
na mtetemeko huo una mstari wake katika msimbo:
mguso ukikosea kwa kidogo, hesabu umepata.

Jumapili Aune anagusa. Ndoo inalia: ting!
Anagusa tena. Anakunja uso.
"Mbu wako wapi?" anauliza.

Riitta-Liisa anafungua daftari.