Kauntabuku ya Pareto Stars

Barua ya chama cha mpira cha wilaya imefika Ijumaa:
"Leteni historia ya timu na rekodi zake. Ukurasa mmoja."
Ukurasa mmoja! Nimecheka peke yangu jikoni,
nikaishusha kauntabuku ya baba kutoka darini,
kwaya tatu, inanuka moshi na panya,
imefungwa kwa kamba ya kiatu cha mpira.

Taifa letu ni vitongoji vinne na kanisa moja.
Mpaka wa kaskazini ni ukungu.
Wa kusini, ukungu pia.
Uwanja umelalia mlima:
anayeshambulia kwenda juu huhema kama punda aliyebeba ngano,
anayeshambulia kwenda chini
huufuata mpira hadi kwenye viazi vya Mama Swalo,
naye hutoza ndoo ya maji kwa kila shina lililovunjika.

Ushindi mkubwa: Pareto Stars saba, Walimu wa Bulongwa bila.
Mwaka themanini na tatu.
Chini yake, kwa wino mwembamba:
"Walimu walikuwa hawajalipwa miezi mitatu."

Kipigo kikubwa: kumi na moja bila, ugenini, Mbeya mjini.
"Tulisafiri juu ya magunia, tukateremka miguu imekufa ganzi.
Joto la mjini lilimchanganya kipa."
Joto! Julai, Mbeya, watu wamevaa masweta!
Lakini Osmundi Luvanda, kipa mwenyewe,
mpaka leo anaapa kwamba alitoka jasho.

Vikombe: kimoja.
Beberu mweusi, themanini na saba.
Kombe tulilitwaa saa kumi na moja jioni,
saa mbili usiku tulikuwa tumeshalila,
mchuzi tukawapelekea tuliowafunga.
Imebaki pembe. Ipo juu ya kabati, ina vifungo ndani.

Kisha kurasa zinaanza kupungua maneno.
Tisini na tatu: kumi na moja, wa akiba wanne.
Tisini na tano: kumi na moja. Akiba hakuna.
Tisini na sita: tisa.
Tisini na saba: sita, mwamuzi amekataa kupuliza.
Sababu:
na hapo baba amechora mstari akauacha wazi,
kama mtu aliyeitwa nje.
Sababu kila mtu aliijua.
Nehemia aliijua, winga wetu wa kushoto, seremala,
aliyeng'oa milingoti ya goli usiku mmoja
kwa kuwa mbao zilikuwa zimemwishia.

Miaka minne hakuna matokeo. Ipo orodha ya jezi tu.
Namba nne, imerudishwa na mama yake.
Namba saba, imerudishwa na mke.
Namba saba tena, imerudishwa na shemeji wa mke.
Namba kumi, "tumemzika nayo."

Elfu mbili na mbili mwandiko unabadilika. Ni wangu.
Nina miaka kumi na miwili, baba kajifunika blanketi mbili,
anatamka, mimi naandika.
"Andika: leo timu imecheza.
Wachezaji wote ni wa darasa la sita na la saba.
Jezi ni zile zile, zinawafika magotini.
Watazamaji: bibi ishirini na sita."
Nikauliza, hata bibi niwahesabu?
"Andika. Na kadi nyekundu: Bibi Atuganile,
dakika ya sabini, kuingia uwanjani na ukuni."
Tulifungwa mbili. Akaniambia nipigie mstari tarehe.
Huo ndio ukurasa wake wa mwisho.

Basi fomu nimeijaza. Rangi: nyeupe.
Mwaka wa kuanzishwa: wazee hawakubaliani.
Vikombe: kimoja (kililiwa).
Penye "Rekodi ya pekee" nimekaa mpaka chai ikapoa,
nikaandika: Namba kumi haivaliwi.
Wakitaka maelezo, wapande huku. Waje na sweta.

Jumapili tunacheza na Matamba, kwetu.
Mama Swalo ameshapanga ndoo zake.