Kitabu cha Kinu

Obiero kaja Kondele na flashi ndani ya soksi:
kitabu cha kinu chake cha mpunga, huko Ahero,
kinu cha Kijapani, kimegoma tangu Jumanne.

Apondi akafungua. Alama za kuuliza,
vijisanduku, herufi zenye kofia,
na efu zilizopinda, efu tele, ukurasa mzima.
"Virusi?"
"La. Baiti zinatembea mbili mbili,
kompyuta yangu inazihesabu moja moja."

Akajaribu EUC: uchafu wa aina nyingine.
Akajaribu Shift-JIS, itoke Yunikodi,
akabonyeza, akapuliza chai.
Kurasa arubaini zikanyooka
kama miche iliyopandwa kwa kamba.

Wakatazama.
Feni ikazunguka.
Hakuna aliyejua hata neno.
"Kwa hiyo," akasema Obiero, "tumetoka kwenye fujo
tukaingia kwenye Kijapani."
"Shilingi hamsini," Apondi akajibu.

Alikuwa ameshatoa noti
kidole chake, cheusi kwa grisi,
kiliposimama ukurasa wa tisa:
msalaba, na vijiti vinne pembeni.
"Subiri. Huu naujua.
Umechongwa kwenye kifuniko,
pale ninapomimina mpunga."