Ombi Namba Thelathini na Moja

Maombi arobaini na mawili mezani,
fedha ya sita.
Umeme umekatika Muhungu tangu saa moja;
nasoma kwa tochi ya simu, kalamu nyekundu mkononi,
kama mwalimu anayewaogopa wanafunzi wake.

Karatasi zina lugha yao.
Zinasema ustahimilivu, zinasema walengwa,
zinasema mpito kuelekea uchumi usio na moshi,
nami natia alama, tatu, nne, tatu,
hadi nafika thelathini na moja:
kurasa mbili zilizochanwa katikati ya daftari la shule,
matundu ya pini bado yapo.

Mwombaji: Nsimire Cishugi na wenzake kumi na mmoja.
Makazi: Kadutu, chini ya ngazi, pale ukuta ulipoanguka.
Kazi: kuuza makala.
Mnaomba nini: mashine ya kukandamiza maganda ya ndizi
yawe matonge ya kuwasha. Turubai. Mizani.
Tatizo mnalotaka kulitatua: Sisi.

Nikarudia kusoma. Sisi.

"Gunia likiteremka kutoka Bunyakiri
mimi nahesabu pesa, mlima unahesabu visiki.
Siku hizi mvua ikianza usiku
tunalala tumevaa viatu."

Mtajuaje kuwa mmefanikiwa?
"Nitakapofilisika."

Mtapunguza tani ngapi za hewa ya ukaa?
Hapo ameacha wazi.
Wazi, ila dole gumba lilipumzika hapo akifikiri:
duara jeusi, mistari yake yote inasomeka.
Kwa kanuni, palipo wazi ni sifuri.
Kanuni niliiandika mimi.

Fedha hii inatoka mbali. Mwenyewe alikwisha kufa,
mzee wa nchi ya theluji aliyetajirika kwa makaa ya mawe.
Picha yake iko ofisini: tai, shingo ngumu,
macho ya mtu aliyechelewa jambo.
Wosia wake ulikuwa neno moja, rudisheni.
Hakusema kwa nani,
wala kama kinachorudi ni sadaka au deni.
Hilo ametuachia wenye kalamu.

Uani Mapendo anapepea mbabula kwa kifuniko cha ndoo.
Sombe haijui zamu za umeme.
"Bado unagawa pesa za watu?"
Bado.
"Basi nipe mia tano, makala yamekwisha."
Nampa. Fungu hili
halikupigiwa kura, halidai ripoti ya robo mwaka,
na limetoka upesi kuliko yote niliyowahi kutoa.

Asubuhi nikaenda Kadutu, jambo ambalo haturuhusiwi.
Ngazi zilikuwa na utelezi, watoto walinipita wakikimbia
na madumu ya maji vichwani.
Nikamkuta ameketi kando ya magunia, masizi hadi kwenye viwiko.
Mama, nikasema, tani.
Akacheka hadi akashika kiuno.
"Tani ni nini? Hapa tunauza kwa kopo."
Akalijaza, akalisawazisha kwa kiganja,
akaongeza kipande kimoja juu, cha mteja,
akaniwekea mapajani kama mtoto.
"Miaka kumi na tisa, kopo ni hilihili. Hesabu mwenyewe, umesoma."

Nikahesabu. Juu ya jiwe, kwa simu yenye ufa:
kopo mara siku, siku mara mwaka,
mwaka mara wanawake kumi na wawili.
Namba ikakua hadi nikaiona aibu,
maana ndani yake yalikuwemo makopo ya Muhungu,
nyama ya Noeli, uji wa kijana wangu alipougua,
chai ya vikao vyetu vya kuokoa misitu.

Hakuniuliza kama atapata.
Aliniuliza kama nanunua, au nimlipishie nafasi.

Kura ni Ijumaa. Kamati tuko watano,
na wawili wanapenda karatasi zilizochapwa.
Nimeijaza namba palipokuwa wazi, kando ya lile dole,
sikuipandisha, sikuishusha.
Penye chanzo cha takwimu
nimeandika: kopo.